Mashine Inayosinzia Saa Mbili

Jumatatu, 11 Mei 2009

Nimefika mlango ukiwa nusu wazi, kama kawaida. Chai ya tangawizi. Kiti changu pembeni ya meza ya kukatia karatasi. Mtihani wa Jiografia, darasa la sita. Makosa mengi ukurasa wa kwanza, baadhi ya mwalimu aliyetunga, baadhi ya mpiga chapa. Mama Shufaa hakatai makosa yake. "Yangu nipe kwanza, Mwalimu. Ya wenzangu baadaye."

Huu ndio msimu wake mkubwa. Shule zote za kata hapa Tunduma zinamletea mitihani ya nusu mwaka. Yeye anachapa, mimi nasoma prufu. Kazi hii hufanyika asubuhi tu, mlango ukiwa nusu umefungwa, kwa sababu mtihani ni siri. Kuanzia mchana duka ni la mawakala wa forodha na madereva wa malori. Wanataka vivuli vya karatasi zao, wanasimama nyuma ya bega lake, wanasoma kila kilichoko kwenye kioo. Hapo huwezi kuchapa mtihani.

Leo mashine imetuangusha. Muda mfupi baada ya kuanza, herufi zikawa zinachelewa. Anabonyeza, anasubiri, herufi inatokea kama mzee anayepanda ngazi. Baadaye ikajizima na kujiwasha yenyewe. Ukurasa mzima ulipotea. Ilipowaka iliendelea kukoroma hadi karibu saa tano.

Jumamosi fundi Simbeye aliweka programu mpya ya kuua virusi. Ilikuwa lazima. Kila flashi ya mwalimu ilikuja na mdudu. Mama Shufaa anahisi programu hiyo ndiyo imeleta balaa, lakini hasemi kwa uhakika. Nampenda kwa hilo. Hasemi asichokijua.


Jumanne, 12 Mei

Tena. Vilevile kabisa. Ikasinzia, ikajizima, ikajiwasha.

Mchana ilikuwa nyepesi kama haijawahi kuugua. Simbeye alipita saa tisa akitokea Nakonde. Asubuhi anafanya kazi huko, ng'ambo ya mpaka, kwa kampuni moja ya malori, kwa hiyo tunampata alasiri tu. Alibofya huku na huku. Haikumwonyesha ugonjwa wowote. "Mama, hii mashine inaniogopa," akasema. Mama Shufaa: "Basi acha picha yako hapa niitundike."

Fundi alipoondoka, Mama Shufaa alinieleza atakavyofanya. Kila asubuhi atabadilisha jambo moja tu. Kesho atachomoa printa. Keshokutwa atahamia soketi nyingine. Siku inayofuata hakuna flashi kuingia. Nilimwuliza kwa nini asiyafanye yote kwa mara moja, muda unatubana. Akasema ukitia chumvi na ndimu kwa pamoja, mchuzi ukiharibika utamlaumu nani?

Nimefundisha sayansi miaka mingi. Sijawahi kulieleza jambo hilo vizuri namna hiyo.


Alhamisi, 14 Mei

Jana printa. Si yenyewe.

Leo soketi. Si yenyewe.

Mwalimu Kibona, anayekusanya mitihani ya kata, alikuja kuona kazi imefika wapi. Mtu wa utani, lakini macho yake hayakuwa na utani. "Mama Shufaa, kompyuta yako inalala darasani kama darasa la saba B." Alicheka peke yake. Kisha akasema kuna mtu Vwawa mwenye mashine tatu. Hakuendelea. Hakuhitaji kuendelea.

Mama Shufaa alimjibu kwa upole kwamba kazi itakuwa tayari. Kibona alipotoka, aliifuta kibodi kwa kitambaa, pole pole, kitufe kimoja kimoja. Ndivyo anavyokasirika.

Shule zikihamia Vwawa, duka litabaki na vivuli vya karatasi tu. Na kiti changu hakitakuwa na sababu ya kuwepo. Naliandika hili hapa kwa kuwa siwezi kulisema kwake. Ana mzigo wa kutosha.


Ijumaa, 15 Mei

Hakuna flashi iliyoingia tangu asubuhi. Ikasinzia vilevile. Si flashi.

Mteja mmoja kutoka Nakonde, mama wa vitenge, alikuja mapema akitaka kuandikiwa bei ya bidhaa zake. Alikaa, akasubiri, akatazama kioo kisichotikisika. "Ba mama, kompyuta ya kwenu nayo inafunga na kuomba?" Tulicheka wote. Mama Shufaa alimwandikia kwa mkono, kwa hati nzuri kuliko ya mashine. "Natotela," akashukuru yule mama kwa lugha yake, akaondoka ameridhika.

Mwenye duka aliyeona kazi ya wiki ikiteketea angeweza kuwa mkali kwa wateja. Yeye hakuwa. Saa sita alifunga, akaenda msikitini.

Nilirudi nyumbani kwa miguu kupitia nyuma ya foleni ya malori. Baridi imeanza. Upepo wa Mei hapa unafanana na wa kwetu, ng'ambo ya mto Songwe. Harufu tu ndiyo tofauti. Kwetu haikuwa na harufu ya dizeli.


Jumamosi, 16 Mei

Simbeye amekuja na mfuko wake wote wa vifaa. Alifungua boksi la sipiyu, akapuliza vumbi la miaka. Alichomoa kadi ya kumbukumbu, akaisafisha kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Aliondoa michezo ambayo watoto wa majirani waliiweka. Alifuta mafaili ya takataka. Aliweka saa sawa. Alifunga.

Ni fundi mwangalifu. Kila skrubu aliiweka juu ya karatasi kwa mpangilio wa ilikotoka. Nilimsifu, akaona haya.

Mama Shufaa alishukuru, lakini nilimwona anahesabu kwa vidole mambo aliyoyafanya fundi. Mambo mengi kwa siku moja. Hakufurahia hilo.


Jumatatu, 18 Mei

Imepona!

Asubuhi nzima imekwenda bila kukohoa. Jiografia imekamilika. Kiswahili darasa la tano kimekamilika. Sayansi imefika nusu. Nilisoma hadi macho yakauma na nilitamani yaume zaidi. Mama Shufaa anachapa kama mtu anayepukuchua mahindi, bila kutazama mikono. Nimefanya kazi na wapiga chapa waliosoma vyuoni. Huyu alijifunzia dukani kwa mjomba wake huko Kondoa, na hakuna aliyenipa kurasa safi kama zake.

Mwalimu Kibona alipita, akaona bunda la karatasi, akasema sasa darasa la saba B limeamka.

Jioni, kabla ya kuzima, Mama Shufaa alitazama pembe ya kioo, akasema fundi ameacha saa ya mashine inapishana na ya ukutani. Akairudisha. Tukafunga duka. Nilikula wali nyumbani kwa hamu.


Jumanne, 19 Mei

Nimeudhika. Nimechoka. Niandike tu.

Imerudi. Na leo imekula mchoro wa Hisabati, duara na pembetatu zake, kazi aliyoianza Mama Shufaa alfajiri. Ilijizima katikati. Hakupiga kelele. Alikaa mikono mapajani.

Kibona alikuja saa nne, akakuta tumekaa mbele ya mashine kama watu wa msibani. Hakutania. Alisema anataka mitihani yote Ijumaa jioni, la sivyo Jumamosi asubuhi anapanda gari kwenda Vwawa na rasimu zote. Alisema ana wakuu wa shule juu ya kichwa chake. Ni kweli. Simlaumu.

Simbeye alipigiwa simu. Ushauri wake: kupiga windo. Yaani kufuta mfumo wote na kuupanda upya kama shamba. Atakuja Alhamisi, aichukue, airudishe baada ya siku chache. Siku chache hatuna.

Mama Shufaa aliniuliza swali ambalo sikulielewa wakati ule. "Mwalimu, tangu fundi aondoke Jumamosi, mimi nimegusa nini?"


Jumatano, 20 Mei

Nataka kuliandika hili taratibu, lisinipotee.

Nimefika asubuhi, nikamkuta ameketi, mashine haijawashwa. Amelala na swali lake na ameamka na jibu. Fundi alifanya mambo mengi Jumamosi, mashine ikapona. Ikiwa yote aliyoyafanya bado yapo, ingebaki imepona. Imeugua tena, maana yake kuna moja lililofutwa. Na yeye mwenyewe, tangu Jumamosi, amefuta jambo moja tu. Saa.

Nilimwambia saa haiwezi kuzimisha mashine. Saa ni namba tu pembeni.

"Labda ina miadi," akasema.

Akawasha. Akafungua ile programu ya virusi, tukaanza kuipekua, yeye akibofya na mimi nikisoma Kiingereza. Tulipita kurasa za maneno matupu. Kisha tukafika mahali pa ratiba. Nikasoma kwa sauti. Programu imeagizwa kukagua mashine nzima kila siku, saa mbili ya usiku kwa hesabu ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa nane usiku. Ifikapo saa tatu ya Kizungu, ijizime na kujiwasha. Ikikuta mashine imezimwa, siku hiyo ipite.

Aliyeitengeneza alikuwa mtu wa huruma. Alichagua wakati watu wamelala, asimsumbue mtu kazini.

Tukatazamana. Kisha wote wawili tukatazama pembe ya kioo. Ilikuwa inakaribia saa mbili asubuhi, na mashine ilikuwa imeandika moja na dakika zake.

Mama Shufaa aliweka saa ya kompyuta yake kwa hesabu yetu tangu siku aliyoinunua. Saa yake ya ukutani nayo iko hivyo, mshale unasimama pale mdomo unaposema. Jua likichomoza, kompyuta inaandika sifuri. Saa mbili asubuhi inaandika mbili. Programu inachungulia saa, inaona mbili, inaamini ni usiku wa manane na duka zima limelala. Inaanza kazi yake kwa uaminifu. Saa tatu inazima taa. Fundi aliposahihisha saa kwa Kizungu, saa ya miadi ikaangukia usiku kweli, mashine ikiwa imezimwa, na Jumatatu tukapumua. Jioni Mama Shufaa akairudisha ya nyumbani, na Jumanne tukazikwa.

Tulikuwa bado tunatazama mbili ilipoingia. Mashine ikaanza kukoroma.

Sijawahi kumwona akicheka hivyo. Alicheka hadi akashika meza. "Maskini, kumbe inafanya kazi ya zamu! Na sisi tunaitukana."

Mimi nilicheka, kisha sikuweza kucheka tena. Nilimsimulia. Nilipovuka kuja nchi hii, kijana, nikikimbia siasa za kwetu, nilipata kazi ya kufundisha Isongole. Lugha ya nyumbani ilikuwa ileile pande zote mbili za mto, kwa hiyo nilidhani sina la kujifunza. Mwalimu mkuu akaniagiza nifike kesho saa tatu. Kwetu tulisoma saa kwa Kiingereza hata tulipoongea Kilambya. Nilifika saa tatu ya Kiingereza, alasiri, nimepiga pasi, viatu vinang'aa. Watoto walikuwa wanafagia uwanja ili waende nyumbani. Nilifika kwa wakati kabisa, na nilikuwa nimekosa siku nzima. Yule mwalimu mkuu hakunifukuza. Alinikalisha, akanionyesha kwa kijiti ardhini jinsi watu wa huku wanavyoanza kuhesabu jua linapotoka. Akasema, mgeni hana kosa mpaka aambiwe.

Mama Shufaa akasema, "Basi na huyu tumwambie."

Nilidhani atabadilisha saa. Hakubadilisha. Alibadilisha ratiba. Ukaguzi ufanyike saa saba mchana, anapokwenda kuswali na kula, na kwa hesabu ya mashine hiyo ni saba vilevile. Kule kujizima alikuondoa kabisa. Alibofya, akahifadhi, akarudi kwenye duara na pembetatu zake.

Nimekaa na watu wengi wenye akili. Walipokwama, wengi wao walitafuta wa kumlaumu. Huyu alijiuliza yeye amegusa nini. Kisha, alipojua, hakuiadhibu mashine wala hakuiacha saa yake. Sijui kama anajua alichokifanya. Mimi najua.


Alhamisi, 21 Mei

Saa mbili ilipita. Hakuna kilichotokea. Saa tatu ilipita. Hakuna.

Saa saba alitoka na mtandio wake. Mashine ikaanza kukoroma, kwa wakati. Iliendelea ikakamata mdudu kwenye faili la mwalimu mmoja. Kumbe ni programu nzuri. Ilikuwa nzuri siku zote.

Simbeye alikuja saa tisa na mfuko wake, tayari kuichukua. Tukamweleza. Akajipiga paji la uso. "Mama! Mimi niliona saa imekaa vibaya Jumamosi, nikajua ni betri ya ndani imechoka. Nikairekebisha nikaendelea na safari!" Akataka kuiweka ya Kizungu palepale.

"Hiyo ndiyo saa ya dunia, mama."

"Dunia ipi, fundi? Mteja akiniambia nitapitia saa nne, nianze kujumlisha sita? Huyo mgeni wako ndiye anayefundishwa desturi ya nyumba."

"Sawa. Lakini ukituma faili mbali, huko litaonekana limeandikwa saa za ajabu."

Aliifikiria hoja hiyo kwa makini. Akasema ni kweli, amelijua, na siku atakapotuma mbali atakumbuka. Lakini saa ilibaki yake. Simbeye alicheka, akakubali. Ni mtu mzuri. Alimwonyesha jinsi ya kufunga ratiba kwa neno la siri, asije mtu akaibadilisha. Akasema atakwenda kuangalia mashine nyingine mbili alizoziwekea programu hiyohiyo mjini, maana wenyewe wamekuwa wakilalamika kuhusu asubuhi.


Ijumaa, 22 Mei

Tulifungua mapema, tukafanya kazi hadi mawakala walipoanza kugonga mlango. Aliwaambia wasubiri. Walisubiri, wakinung'unika. Mmoja alisema, "Mama leo umeturudisha enzi za foleni za sukari."

Kibona alikuja jioni. Alikuta mitihani yote imepangwa kwa shule, imefungwa kwa kamba, imefunikwa. Alipima mafurushi kwa mkono kama mtu anayenunua kuku. Akauliza ugonjwa ulikuwa nini. Mama Shufaa akasema, "Ilikuwa haijui saa za huku." Kibona alisubiri aongeze. Hakuongeza.

Kibona akasema mitihani ya Desemba itakuja hapa. Alisema akiwa ameshageuka, kama mtu anayeona haya kutoa habari njema.

Mwili unaniuma. Nimefurahi kupita kiasi kwa mtu wa umri wangu.


Jumapili, 24 Mei

Kanisani. Baadaye nimelala mchana.

Nimefikiria safari yangu moja ya kurudi kwetu, baada ya utawala uliotufukuza kuanguka. Kijiji kilikuwepo. Wapwa walinipokea vizuri. Lakini kila waliponiambia saa ya chakula, nilijikuta nabadilisha kichwani. Nilikaa siku chache, nikarudi Tunduma. Sikuwa nimewahi kujieleza kwa nini. Nadhani ni hilo tu. Saa yangu ilikuwa imeshahamia huku.


Jumanne, 2 Juni

Mitihani imeanza leo. Nilipita kando ya shule asubuhi. Kimya. Vichwa vyote chini. Dirishani msichana mmoja alikuwa anauma kalamu, akitazama dari. Nadhani ilikuwa Jiografia.

Nilijua hakuna prufu ya kusoma, lakini nilikwenda dukani vilevile. Kiti kilikuwa mahali pake. Mama Shufaa alikuwa na kadi moja tu ya harusi ya kuchapa. Aliniwekea mezani bila kusema, pamoja na chai.

Saa saba alikwenda kuswali. Mashine ikaanza ukaguzi wake. Tukabaki wawili, mimi na mashine, yeye akisoma mafaili yake na mimi nikisoma kadi. Nje malori yalikuwa yanasogea kidogo kidogo kuelekea mpakani.

Mimi nilipata kosa moja. Yeye hakupata kitu.